Mjomba Amesema Tutashinda

Cheyo, Tabora
18 Machi 2024

Dada Flavia, shikamoo.

Mimi mzima, mke wangu Consolatha mzima, pasi ya mkaa nayo nzima, na jirani yetu mwenye redio kubwa bado hajahama. Natumaini goti la mama yetu Mayu limepungua uvimbe na anapata usingizi. Shemeji Masanja mwambie lile koti lake doa limetoka. Lilivyoingia sitamuuliza, na yeye asinisimulie.

Mwanao Sayi hajambo. Yuko kambini na wenzake wa Kazeh Stars, na kila Jumatatu namwona wakileta furushi la jezi za kufua. Shingo imenenepa. Kipa namba moja wa timu ya mji, dada, si mchezo.

Najua umepiga simu ukachoka. Simu ipo kabatini, laini nimeitoa. Nilikuwa napigiwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. "Wensi, Jumamosi nani?" Hata salamu hawatoi. Mmoja alipiga kutoka Sikonge akasema yuko juu ya mti anatafuta mtandao, kwa hiyo nisimcheleweshe.

Ilianza mwaka jana, wakati wa mechi za mtoano za kupanda daraja. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi Sabiri, watu wanabishana, mimi nikatupa neno tu kwamba fulani atashinda. Ikawa. Nikatupa la pili, ikawa. Mechi sita, dada, na zote sita zikatoka kama nilivyosema, mbili mpaka idadi ya mabao. Kijana mmoja alibeti kwa maneno yangu akanunua pikipiki. Kuanzia siku hiyo mimi si dobi tena, ni mtabiri.

Mwanzoni nilifurahi, sikufichi. Miaka kumi na tisa nafua nguo za watu na hakuna aliyewahi kuninunulia soda. Sasa soda zinanifuata nyumbani. Lakini nikienda sokoni nafuatwa na watu vilevile. Nikikohoa wanaulizana nimekohoa mara ngapi. Nikisema sijui, wanasema naficha. Mwezi uliopita niliamua kukaa kimya kabisa, Kazeh Stars wakafungwa nyumbani, na katibu wao Bundala akaja mlangoni kuniuliza wamenikosea nini.

Sasa wanasema nimerithi kazi ya babu. Na mwaka huu Kazeh Stars wenyewe wanaelekea kwenye mtoano.

Barua hii nampa Jilala, konda wa basi la Igunga. Ataishusha dukani kwa Asnath hapo Ziba. Nijibu kwa njia hiyohiyo, na usimruhusu Jilala akuulize lolote kuhusu mpira.

Mdogo wako,
Wenceslaus


Ziba
7 Aprili 2024

Wenceslaus, marahaba.

Barua yako ilikaa dukani siku nane. Jilala alimwambia Asnath kwamba ni barua ya mtabiri, na mama wa watu akaogopa kuishika. Nilipoikuta imefunikwa na beseni nikaanza kukasirika hapohapo, kabla hata sijaifungua.

Pasaka tumeila salama. Mayu alikwenda kanisani kwa miguu yake na akarudi kwa baiskeli ya watu. Masanja anashukuru kwa koti. Pamba yetu ni nzuri mwaka huu, mvua ilikuja na ikajua kuondoka.

Sasa nisikilize. Babu alipobatizwa, vyombo vyake vya ramli alivipeleka mwenyewe kwa padre ndani ya kikapu, mchana kweupe, watu wakimtazama. Mayu alikuwa msichana na anasimulia mpaka leo. Wewe ndiye unayevirudisha kwa mlango wa mpira? Juzi mwanamke nisiyemjua amekuja hapa na kuku mweupe, anataka nimfikishie kwa mdogo wangu. Nimemrudisha yeye na kuku wake. Lakini wenzangu wa jumuiya ya kanisa walimwona akiingia, na mimi ndiye mwenyekiti wao.

Halafu mimi sikuzaliwa jana. Nimekulea. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa ukishika mashati yetu unasema huyu alipita mbugani, huyu alikula jikoni kwa jirani, na tukachapwa kwa ajili yako. Ni nguo, si ndiyo? Timu zote zikija Tabora zinalala kwenye nyumba ya wageni hapo Cheyo, na jezi zao unafua wewe. Niandikie ndiyo au hapana, usinizungushe.

Sayi mwambie avae sweta asubuhi. Najua ni mzima. Pamba, kama nilivyosema, ni nzuri.

Dada yako,
Flavia


Cheyo
29 Aprili 2024

Dada, shikamoo, na uniombee kwa Asnath. Mwambie sing'ati.

Huku joto limepungua. Consolatha amekwenda kwao Urambo kusaidia kazi za tumbaku, kwa hiyo najipikia, na ugali wangu unajua ulivyo. Furahini kwamba mko mbali.

Ndiyo. Ni nguo.

Hakuna ramli, hakuna babu, ni beseni na sabuni. Timu inafika Ijumaa, inafanya mazoezi, jioni ninaletewa jezi. Mshambuliaji ambaye soksi yake ina damu kisiginoni hatakimbia dakika tisini. Beki aliyeshonewa bukta mara tatu mahali palepale anavutwa, yaani anapitwa. Timu iliyogombana huleta nguo za wachezaji mafurushi mawili mawili, kwa sababu hawa hawataki kuchanganyika na wale. Niliyaona hayo kwa miaka mingi bila kusema. Siku ile kwa Sabiri neno lilinitoka tu.

Utauliza kwa nini siwaambii watu ukweli. Nikisema, hakuna timu itakayoniletea hata kitambaa cha mkononi. Mwenye nyumba ya wageni alinipa kazi kwa sharti moja, nisitoe siri za wageni wake. Na wale wa timu zilizofungwa mwaka jana wataelewa kwamba niliwachungulia. Mtabiri wanamwogopa, dada. Dobi mmbea wanamvunja mikono. Kwa hiyo naacha niitwe mchawi kwa usalama wangu.

Kazeh Stars wameshika nafasi ya mtoano. Nusu fainali ni katikati ya Mei, wakipita hapo inabaki fainali, mechi mbili, nyumbani na ugenini.

Nina swali dogo. Sayi alipokuja hapo Krismasi, alifanya kazi gani?

Wenceslaus


Ziba
14 Mei 2024

Marahaba.

Mayu anakusalimu. Goti ni lilelile. Masanja mgongo umemshika, hawezi kuinama, anatoa amri kutoka kwenye kiti. Tunachuma pamba mimi na vibarua wawili.

Tumbaku ya Urambo ilishavunwa na kukaushwa, sasa hivi wako sokoni wanapanga mizigo. Consolatha anasaidia nini huko? Usinijibu kama hutaki, ila usinidanganye mambo ya shamba mimi mkulima.

Jumuiya wamechagua mwenyekiti mwingine. Walinipa zawadi ya kitenge na kunishukuru sana, na hakuna aliyenitazama machoni. Nikipita kisimani maongezi yanakatika. Juzi mzee mmoja, mtu wa heshima zake, ananiuliza kwa sauti ya chini kama nami ninaona. Nikamwambia ninaona deni la sukari analodaiwa kwa Asnath. Akacheka, lakini hakuondoka. Alikuwa anasubiri niseme kweli.

Sayi Krismasi alikula, akalala, akaimba kwaya. Atafanya kazi gani mtu wa likizo ya siku tano? Kwa nini unauliza?

Nakuomba kitu kimoja kama dada yako. Timu ya mtoto usiitabirie. Za wengine sema utakavyo, hiyo iache.

Flavia


Cheyo
27 Mei 2024

Shikamoo dada. Pole ya uenyekiti. Kitenge kishone, kitenge hakina kosa.

Consolatha aliondoka kwa sababu watu walikuwa wanamfuata mpaka chooni wamuulize nimeota nini. Haya, umeshinda.

Kazeh Stars wamepita nusu fainali. Fainali ni na Malagarasi FC ya Kigoma. Juni mbili tunakwenda kwao, Juni tisa wanakuja kwa treni kwetu. Mshindi anapanda, anayeshindwa anabaki alipo, na Bundala anasema timu ikibaki safari hii wafadhili wanaondoka na vijana wote wanarudi makwao. Sayi ana miaka minne anangoja siku hiyo.

Bundala amekuja na kamati yake. Wamenipa siku. Alhamisi Juni sita, saa kumi jioni, pale kwa Sabiri, niseme.

Nikamwambia, "Bundala, mimi safari hii sina neno."

Akaniambia, "Wensi ndugu yangu, mwezi wa pili ulikaa kimya tukafungwa. Ukikaa kimya tena, mimi nitawaambia nini watu? Nitawazuiaje?"

Unaona ilivyo? Nikinyamaza nimewafunga. Nikisema watafungwa na wakafungwa, nimewafunga mara mbili. Nikisema watashinda wasishinde, mji mzima umebeti.

Jumamosi nilijaribu kukimbia. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kumwona mkewe, na kweli nilikuwa nakwenda Urambo. Nilipokaa tu kwenye basi, mtu akapiga kelele dirishani, "Mtabiri anaondoka! Kuna nini?" Wakanishusha kwa adabu, wengine wakinibebea begi. Ilipofika jioni mji wote unasema timu itafungwa ndiyo maana Wensi alikuwa anahama. Sasa Bundala ameweka watu wawili mlangoni kwangu. Anasema ni kwa usalama wangu. Wananisalimia vizuri, "Mwangaluka, Wensi," na nikitaka kwenda dukani wananiuliza atumwe mtu anunue nini.

Nimezuia kalamu tangu Machi, lakini sina mwingine wa kumwambia. Jezi ya kipa wa Kazeh Stars kila wiki inakuja na udongo upande wa kulia, kuanzia kwapa mpaka kiunoni. Upande wa kushoto unakuja safi, tangu Januari. Na bega la kushoto linanuka dawa ya kuchua mpaka nikilipiga pasi macho yanawasha. Kipa huyo haruki kushoto, dada. Hawezi. Na kipa huyo ni Sayi.

Jezi nyingine zote ziko sawa. Timu ni nzuri. Lakini mechi ya mtoano huwa inafika kwenye penalti au kwenye mpira mmoja wa kona, na upande mmoja wa goli letu uko wazi.

Nimwambie kocha? Sayi atajua ni mimi, maana nani mwingine anashika jezi zake? Atakaa benchi siku ya maisha yake kwa mkono wa mjomba wake. Niambie nifanye nini kabla ya Alhamisi hiyo. Na Krismasi hujanijibu kweli.

Wenceslaus


Ziba
3 Juni 2024

Wenceslaus,

Leo sina habari za pamba. Jilala anangoja barabarani na injini inanguruma.

Krismasi Sayi alilima. Mgongo wa baba yake ulikuwa umeshakataa, mvua imekuja, ng'ombe wamefungwa plau, nikamwambia shika wewe. Ng'ombe mmoja alishtuka akakata mbio, kamba ilikuwa imemzunguka Sayi mkono, akaburutwa shamba zima. Bega lilitoka. Mimi ndiye niliyemwita mzee wa kuunga mifupa akalirudisha. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme kambini, asije akapoteza namba. Nilifikiri litajikaza lenyewe. Mwenyewe aliniambia, "Mama, halijakaa," nikamwambia jikaze.

Jana wametoka sare huko Kigoma, bila bao, na hakuna mpira uliokwenda kushoto kwake. Amenipigia usiku kwa simu ya mwenzake. Kinachonitisha ni hiki. Aliniambia, "Mama, nangoja mjomba aseme Alhamisi. Akisema tutashinda, basi bega litashika." Nikamwambia mjomba wako ni dobi. Akacheka. Anakuamini kama wengine wote. Mtoto niliyembatizisha.

Kwa hiyo usiseme watashinda. Sema lolote, sema sare, jifanye mgonjwa, jifanye kichaa, lakini hilo usiseme. Akilisikia atalirusha bega lile.

Flavia


Cheyo
6 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Nimengoja barua yako wiki nzima. Jilala hajaonekana, wanasema basi limeharibika Nzega na spea inatoka Mwanza. Natumaini Mayu hajambo.

Leo nimesema.

Watu walijaa mpaka barabarani, Sabiri akaacha mteja kanyolewa nusu kichwa. Malagarasi nao walileta mtu wao, nilimjua kwa viatu. Nilikuwa nimepanga kusema sijui. Nikafungua mdomo nikamwona Sayi amesimama nyuma ya watu, ananiangalia kama alivyokuwa akiniangalia utotoni nilipomletea pipi. Nikasema Kazeh Stars watashinda.

Nilifikiri namlinda. Nilifikiri Malagarasi watasikia na kuogopa, watapiga mipira ya woga, hakuna atakayepima upande wa kushoto. Na nilitaka nirudi nyumbani bila kuvunjwa, hilo nalo lilikuwapo, sitaki udhani vingine.

Sayi alipita katikati ya watu akanikumbatia kwa mkono wa kulia. Akaniambia, "Asante, mjomba." Sikuelewa ananishukuru nini.

Wenceslaus


Hospitali, wodi ya wanaume
21 Juni 2024

Wenceslaus, marahaba, ingawa hujanisalimu.

Mayu amebaki na Masanja. Mimi nalala hapa chini kwenye mkeka, pembeni ya kitanda cha Sayi. Chakula kipo, majirani wa wodi ni watu wazuri.

Jilala amenieleza kwamba barua yangu ya tarehe tatu ililala Nzega na basi lake, ukaipata Jumanne, siku mbili baada ya mechi. Amelia mbele yangu, mtu mzima. Nimemwambia aache.

Ulikuwa uwanjani, uliyaona. Mimi nimesimuliwa na Sayi mwenyewe. Dakika za mwisho, tunaongoza moja bila, Malagarasi wanapata penalti. Anasema alijua itapigwa kushoto, mpigaji alitazama huko mara mbili. Akajiambia, mjomba amesema tutashinda. Akaruka. Anasema mpira ulipogusa glovu alisikia bega likikatika kama kuni, na akafurahi, Wensi. Akafurahi. Halafu wakamnyanyua juu kwa mikono yote miwili, wakamzungusha uwanja mzima wakiimba, na yeye anapiga kelele wakadhani anashangilia.

Daktari amelifungua bega. Anasema mishipa imechanika, kichwa cha mfupa kimesagika. Amefanya alichoweza. Anasema huenda mkono utafika kifuani, huenda usifike. Kuhusu mpira hakusema kitu, alikunja karatasi tu.

Sikulaumu. Kamba ya plau nilimpa mimi.

Sasa nina neno ambalo ninaona aibu kuliandika. Sayi hataki kufanya mazoezi ya mkono. Analala ameugeukia ukuta. Nesi amembembeleza, padre amekuja, nimembembeleza mimi. Jana usiku ameniuliza, "Mjomba anasemaje?" Nikamwambia mjomba hajasema. Akasema, "Basi tungoje aseme."

Mimi najua ni sabuni na macho. Najua kuliko mtu yeyote duniani. Hata hivyo andika. Andika kwa mkono wako kwamba atapona, ili nimpe asome. Mimi mwenyewe nataka niyaone yameandikwa.

Flavia


Cheyo
28 Juni 2024

Karatasi ya kwanza, mpe Sayi.

Sayi mwanangu. Mkono utapona. Fanya mazoezi kila siku kama nesi anavyokuelekeza, asubuhi na jioni. Mimi nimesema.

Mjomba wako,
Wenceslaus


Karatasi ya pili, yako peke yako. Ukishasoma ichome.

Dada, shikamoo. Nimefanya ulivyotaka. Niliiandika mara tatu, mbili za kwanza nikazichana.

Siwezi kuja. Nimeomba ruhusa kwa Bundala kama mtoto wa shule, nikamwambia ni mpwa wangu, yule yule aliyewapandisha. Akasema timu itampelekea maziwa na matunda, lakini mimi nikae, ligi inakaribia na wachezaji wapya wanakuja. Wamenihamishia chumba nyuma ya ofisi yao. Kina dirisha zuri. Kufua wamenikataza, wanasema si kazi ya mtu kama mimi, kwa hiyo sasa hata nguo sioni. Watu wanaingia mmoja mmoja. Zamani waliuliza nani atashinda. Siku hizi wanauliza kama mke atashika mimba, kama mvua itakuja. Nawajibu. Wanaondoka wanashukuru.

Kuna kitu hakijui mtu yeyote. Ile Alhamisi kwa Sabiri, moyoni nilijua watafungwa. Nilikuwa nimepima jezi zote, nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Nikasema kinyume, na kinyume ndicho kilichotokea. Kwa hiyo mechi ile mimi nilikosea, dada. Ni mara yangu ya kwanza kukosea.

Leo nimesoma barua yako, mahali uliposema daktari alikunja karatasi, na moyoni naona mkono ule hautapona.

Niombee nikosee tena.

Wenceslaus